Moshi wa Mlima na Moshi wa Jiko

Watu wa Murara wanaujua moshi. Wakitazama kaskazini wanaona moshi wa Nyiragongo. Wakitazama uani wanaona moshi wa mbabula. Wengi huogopa ule wa kwanza, maana mlima ulimwaga moto tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Ni vema kuogopa mlima. Lakini ule wa jiko nao ni adui, tena tunaulea wenyewe nyumbani.

Moshi wa mlima. Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira hutoa hewa ya kiberiti. Hewa hiyo ikichanganyika na mvua, mvua inakuwa kali: inachoma majani shambani na kuharibu maji tunayokinga kwenye mabati. Tena iko mazuku, hewa inayotoka ardhini, hasa upande wa kwenda Sake. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujikusanya penye mabonde. Mbuzi akishuka humo huanguka na kufa, mtoto vilevile. Jina lake ni kaboni dioksidi.

Moshi wa jiko. Kuni zinapowaka, masizi membamba huingia ndani ya mapafu. Mtoto aliye mgongoni mwa mama huvuta moshi uleule anaovuta mama. Kutokana na moshi huo huja homa ya mapafu kwa watoto, na kifua kisichopona kwa watu wazima. Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kuwa katika mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Makala hayatoi moshi mwingi, kwa hiyo watu huyaamini. Hapo ndipo hatari ilipo. Yakiwaka katika nyumba iliyofungwa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Sumu hii huishika damu, hata damu haiwezi tena kubeba hewa njema. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hulala, wala haamki.

Je, moshi ukitoka nje umekwisha? Hapana. Kaboni dioksidi, ndiyo ileile ya mazuku, hupanda juu na kuizunguka dunia kama blanketi. Joto la jua huingia, lakini kutoka ni kwa shida. Zamani, kabla ya viwanda vikubwa, katika sehemu milioni moja za hewa zilikuwamo 280 za kaboni dioksidi. Leo zimepita 420. Kwa hiyo dunia inapata joto, majira yanabadilika, na barafu ya Ruwenzori, iliyochorwa kwenye ramani mwaka 1906, imepungua sana.

Mtu atasema, “Basi kosa ni la milima ya moto.” Sivyo. Milima yote ya moto duniani, ikikusanywa pamoja, haitoi hata sehemu moja katika mia ya kaboni dioksidi wanayotoa watu kwa petroli, kwa makaa ya mawe na kwa kukata misitu. Nchi za viwanda zimetoa nyingi kuliko sisi. Lakini miti ya Virunga inayochomwa kuwa makala ingeendelea kuivuta hewa hiyo na kuituliza udongo. Mti mmoja ukikatwa, tunapoteza mara mbili.

Mlima hatuwezi kuuzima. Jiko twaweza kulitawala. Basi shikeni mambo haya:

1. Msilale kamwe na mbabula yenye moto chumbani, hata baridi ikizidi.
2. Pikeni nje, au mahali penye dirisha na mlango wazi. Mtoto akae mbali na moshi.
3. Loweka maharagi tangu jioni, na funika sufuria. Makala yatatumika machache.
4. Tumieni jiko linalookoa makala, na kuni zilizokauka.
5. Msichome plastiki wala mipira.
6. Mkimkuta mtu amezimia penye makala, fungueni mlango, mtoeni nje upesi, mpelekeni hospitali. Lakini mtu akianguka penye mazuku, msishuke kumfuata bila msaada, msije mkafa wawili.