Gobore: kwa nini risasi inapinda, na kwa nini mtutu unapasuka

Tuseme uko Matembwe, kwenye barabara ya kwenda Lupembe. Mahindi yameanza kukomaa, na usiku nguruwe pori wanashuka kutoka kwenye miti ya mbao. Asubuhi unakuta nusu eka imelala chini. Jioni kwenye kilabu cha ulanzi mtu anakunong'oneza: "Kuna mzee ana gobore. Limalize hilo jambo. Tena ukipata mbawala, mboga hiyo."

Kabla hujaenda kwa huyo mzee, tupige hesabu kidogo. Watu wanalizungumzia gobore kwa namna mbili: wengine wanalicheka kama silaha ya mababu, wengine wanalisifia kama bunduki ya kweli. Wote wanakosea. Gobore ni mashine yenye mipaka yake, na mipaka hiyo tunaweza kuipima.

Limetoka wapi?

Gobore ni bunduki ya kushindiliwa mdomoni: unamimina baruti, unaweka risasi, unashindilia kwa mdeki, kisha unawasha. Za zamani ziliwashwa kwa gumegume, yaani jiwe la kutoa cheche. Baadaye ikaja fataki, kikopo kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo.

Halikubaki mikononi mwetu kwa bahati mbaya. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Pamoja na mambo ya biashara ya utumwa, mkataba huo ulizuia silaha za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoachiwa mlango ni bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa hiyo Septemba 1905, Wabena wa Mbeyela walipoivamia misheni ya Yakobi karibu na Njombe wakati wa Majimaji, Mjerumani alikuwa na bunduki za kujazwa kwa nyuma. Upande wa pili ulikuwa na mikuki na magobore. Tofauti hiyo ya teknolojia iliamuliwa mezani, Ulaya.

Ndani ya mtutu

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa na kiberiti (salfa). Makaa ndiyo kuni. Shura inabeba oksijeni yake yenyewe, ndiyo maana baruti inawaka hata ikiwa imefungiwa ndani ya chuma. Salfa inasaidia moto ushike mapema.

Sasa angalia jambo hili: zaidi ya nusu ya uzito wa baruti haigeuki kuwa gesi. Inabaki kama chembe ngumu. Sehemu moja inatoka kama lile wingu jeupe linalokuficha mnyama baada ya kufyatua, na nyingine inaganda ndani ya mtutu kama masizi. Masizi hayo yanavuta unyevu wa hewa. Kwa ukungu wa Njombe wa mwezi wa sita na wa saba, mtutu usiosafishwa siku hiyohiyo kwa maji ya moto, ukakaushwa na kupakwa mafuta, unaanza kuliwa na kutu. Na kutu inakula unene wa chuma. Kumbuka neno hilo, unene. Tutalirudia.

Kwa nini risasi inapinda?

Mtutu wa gobore la kijijini ni laini ndani, kama bomba. Risasi ya mviringo lazima iwe ndogo kidogo kuliko tundu ili iweze kuingia. Ikifyatuliwa inagongagonga kuta, na inatoka ikizunguka kufuata mahali ilipogusa mwisho. Leo inazunguka kushoto, kesho juu. Ukishamwona mpigaji mzuri wa mpira akikata kona ukapinda hewani, umeiona fizikia yenyewe. Mwingereza Benjamin Robins aliieleza kwa risasi mwaka 1742, akaonyesha kwamba mzunguko usiotabirika ndio unaopotosha shabaha.

Dawa yake ni kuilazimisha risasi izunguke kwa namna moja tu. Ndani ya mtutu inachongwa mifereji inayojikunja kama parafujo. Risasi inafungwa kwa kitambaa chenye mafuta, kitambaa kinashika mifereji, na risasi inatoka ikizunguka kama pia. Pia inayozunguka haianguki ovyo, na risasi ni vivyo hivyo.

Marekani, ambako majimbo mengi yana msimu maalumu wa kuwinda kwa bunduki hizi (Pennsylvania ilianzisha wa gumegume mwaka 1974), mwindaji anachagua mtutu kwa kuangalia mifereji hiyo. Kwa risasi ya mviringo anatafuta mzunguko wa taratibu, kama mmoja kila sentimita 122 au 168. Risasi ndefu inataka kupinduka hewani, kwa hiyo inahitaji mzunguko wa haraka, kama mmoja kila sentimita 71. Ukichanganya, shabaha inaharibika hata kama mkono wako ni mtulivu.

Wanyama wao pia ni tofauti. Wanawinda jamii ya ayala wa kwenye Biblia, ambao pembe zao huanguka na kuota upya kila mwaka. Mbawala wetu ni jamii ya swala, pembe zake ni za kudumu. Lakini kwa mwindaji hesabu ni ileile: moyo na mapafu ya mbawala viko kwenye eneo dogo, kama sahani ya chai.

Hesabu ya mita 50

Chukua risasi ya mviringo ya mtutu wa milimita 12.7. Kwa kuwa ni ya madini ya risasi (ndiyo, jina ni lilelile), ina uzito wa gramu 11.5 hivi. Itoke kwenye mtutu mzuri kwa mita 480 kwa sekunde. Nishati yake ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi: takriban jouli 1,300. Lakini tufe halipasui hewa vizuri. Likifika mita 100, kasi imeshuka hadi kama mita 310 kwa sekunde, na nishati imebaki jouli 550. Zaidi ya nusu imeliwa na hewa.

Wakati huohuo mvutano wa dunia unafanya kazi yake. Kama mtutu umelala sawasawa, kwa mita 50 risasi inashuka kama sentimita 6. Kwa mita 100 inashuka zaidi ya sentimita 30. Ulilenga moyo, umepiga mguu. Mnyama anakimbia na jeraha, anafia msituni siku mbili baadaye. Hakuna aliyekula, hakuna aliyeokoa shamba.

Na hiyo ni kwa mtutu wenye mifereji na baruti iliyopimwa. Kwa mtutu laini uliojazwa goroli au vipande vya nondo, hata mita 50 ni bahati nasibu.

Kwa nini mtutu unapasuka?

Hapa ndipo penye vidole vyako na macho yako. Baruti ikiwaka, presha ndani ya mtutu inaweza kupita baa 500. Bomba la maji la nyumbani hufanya kazi kwenye baa chache tu, na mara nyingi lina mshono uliochomelewa. Nguvu inayoupasua ukuta unaikadiria hivi: presha, mara nusu ya upana wa tundu, gawanya kwa unene wa ukuta. Kutu ikipunguza unene kwa nusu, nguvu hiyo inaongezeka maradufu. Mshono ndio unaoachia kwanza, karibu kabisa na uso wa anayelenga.

Kuna makosa matatu yanayoharakisha hilo. La kwanza ni kuacha nafasi kati ya baruti na risasi: presha inapanda ghafla mahali ambapo risasi imesimama. La pili ni kushindilia mara mbili kwa kusahau. Usiseme wewe huwezi kusahau. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Marekani, mwaka 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000, na maelfu zilikuwa zimeshindiliwa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana wenye bunduki hizi wanaweka alama kwenye mdeki kuonyesha kama mtutu una kitu. La tatu ni kutia baruti ya kisasa isiyo na moshi, iliyotolewa kwenye risasi za kiwandani. Hiyo inapandisha presha kupita chochote ambacho gobore linaweza kustahimili.

Na ikigoma kuwaka, usichungulie mdomoni. Baruti yenye unyevu inaweza kuungua polepole kisha ikalipuka wakati umeshakata tamaa.

Kwa hiyo, kwa yule mzee uende?

Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya 2015 haimsamehi mtu kwa sababu bunduki yake ilitengenezwa na fundi wa kijijini. Na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka leseni, hata kama ni mbawala mmoja wa mboga.

Lakini weka sheria pembeni kidogo, angalia hesabu tu. Umbali wa kupiga kwa uhakika haufiki upana wa shamba lako. Presha usiyoijua iko ndani ya chuma usichokijua, sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Mzee anaweza kukwambia amelitumia miaka 30 bila shida. Sawa. Miaka hiyo 30 kutu nayo ilikuwa kazini. Afadhali mkalinde shamba kwa zamu na majirani, mkawashe moto na kupiga madebe, na mkamsumbue afisa wanyamapori wa halmashauri mpaka aje. Mahindi yaliyolala utayapanda tena msimu ujao, na kwa kazi hiyo utahitaji mikono yote miwili.