Dhana ya Kimbilio katika Ubuddha: Ufafanuzi kwa Mifano ya Jinja na Mbale

Neno kimbilio limetokana na kitenzi kukimbia, na katika Kiswahili cha ibada huashiria mwenye nguvu anayemhifadhi mnyonge. Neno hilohilo linapotumiwa kufasiri istilahi ya Kipali sarana, huzua utata, kwani Buddha si mungu wala haahidi kumwondolea mtu mashaka yake. Makala haya yanafafanua anachokiendea Mbuddha anaposema amepata kimbilio.

Dhammapada, katika beti za 188 hadi 192, hueleza kwamba watu walioshikwa na hofu hukimbilia milima, misitu, miti na mahali patakatifu, ilhali huko hawaokoki na huzuni. Mashariki mwa Uganda, fundisho hili lina uzito wa pekee. Karibu na Jinja, maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga huyaheshimu kuwa makao ya Budhagaali, yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme mwaka 2011. Katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Mbale, ardhi iliporomoka Machi 2010 na kuwafukia wakazi wa Nametsi, wilayani Bududa. Fundisho halidharau maporomoko wala mlima. Linasisitiza kwamba kinachobadilika hakiwezi kuwa kinga ya mwisho.

Kimbilio la Kibuddha lina nguzo tatu: Buddha aliyeionyesha njia, Dhamma ambayo ndiyo njia yenyewe, na Sangha, yaani jumuiya ya wanaoifuata. Mapokeo huzifananisha na tabibu, dawa na wauguzi. Lakini anayeinywa dawa ni mgonjwa. Msikilizaji wa Mbale ana mfano wa karibu zaidi katika imbalu, jando la Wagisu. Kijana huandaliwa na waliomtangulia na kusindikizwa na ukoo kwa ngoma, ila mbele ya kisu husimama mwenyewe.

Kiutendaji, mtu hutamka mara tatu kwamba anaziendea nguzo hizo, kisha hupokea kanuni tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Nchini Uganda, mafunzo haya hutolewa katika kituo cha Kibuddha kilichoasisiwa karibu na Entebbe mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Kanuni ya tano ndiyo yenye mtihani wa wazi katika miji hii miwili, ambako wanaume huketi kukizunguka chungu cha malwa, kila mmoja na mrija wake, wakisuluhisha mambo ya jamaa. Anayeuweka mrija kando hahitaji kuondoka barazani. Akibaki na kusema kweli kwa upole, kimbilio lake huonekana katika mwenendo.

Kwa hiyo, neno kimbilio halina haja ya kuachwa, bali liambatane na kitenzi kinachofaa. Kipali hutumia gacchami, yaani “naenda”. Tafsiri “naenda kwa Buddha, kimbilio langu” humwonyesha mtu anayetembea kwa hiari yake, si mtoro anayejificha.