Moyo Unapiga Polepole: Je, Tuache Dawa ya Presha?

Jumapili moja bibi mmoja aliletwa hospitalini kwetu akishikiliwa na wajukuu wawili. Alikuwa amezirai kanisani alipoinuka kutoka kupiga magoti. Majirani walikuwa wamekwisha kumnywesha soda na maji ya chumvi, wakisema ni "presha ya kushuka". Tulipompima, presha ilikuwa 150 kwa 90, yaani haikushuka hata kidogo. Lakini tuliposhika mshipa wa mkono na kuhesabu, moyo ulipiga mara 42 tu kwa dakika.

Presha na mapigo ni vitu viwili. Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Mapigo ni hesabu ya mara moyo unavyopiga kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100, ingawa kijana mkimbiaji anaweza kuwa na 50 na akawa mzima kabisa.

Zipo dawa za presha ambazo kazi yake ni kuutuliza moyo. Propranololi, iliyotokana na kazi ya Mskoti James Black katika miaka ya 1960, ni mojawapo, na atenololi ni ndugu yake. Huuzuia moyo usichochewe mno na adrenalini. Kwa hiyo anayezitumia akipata mapigo 55, naye hana shida yoyote, asihangaike. Dawa inafanya kazi yake.

Kwa bibi yetu mambo yalikuwa mengine. Tulimtuma mjukuu alete vidonge vyote vilivyokuwa nyumbani. Akaleta pakiti mbili: moja ya kliniki, imeandikwa atenololi, na nyingine aliyonunuliwa na mwanawe mjini, imeandikwa Tenormin. Ni dawa ile ile! Bibi alimeza zote mbili kila asubuhi. Na sisi wauguzi tulikuwa na kosa letu: kwenye kadi yake presha iliandikwa kila mwezi, lakini hakuna aliyeandika mapigo.

Binti yake alikasirika. "Basi sista, nazitupa zote leo." Tulimsihi asifanye hivyo. Dawa hizi zikikatwa ghafla, moyo uliozoea kutulizwa unaweza kwenda mbio, presha ikapanda, kifua kikabana, hata mshtuko wa moyo ukatokea. Daktari kwa kawaida huzipunguza kidogo kidogo. Kwa kuwa bibi alikuwa amezirai, alizisimamisha, lakini akiwa wodini, moyo ukiangaliwa usiku na mchana. Akapimwa umeme wa moyo, na figo pia, maana atenololi hutoka mwilini kwa njia ya figo, na figo za wazee huchoka. Baadaye alipewa amlodipini, ambayo kwa kawaida haipunguzi mapigo.

Kuhesabu mapigo nyumbani si kazi ngumu. Mgonjwa akae atulie dakika tano. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, lakini usitumie gumba lako, kwa sababu lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Yakiwa chini ya 50, nenda kituoni upate ushauri. Yakiambatana na kizunguzungu, kuzirai, kubanwa kifua au kuhema kwa shida, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupewa dawa hizi, kwani zinaweza kumbana pumzi. Mwenye kisukari naye ajue kwamba zinaweza kuficha moyo kwenda mbio sukari inaposhuka. Hata matone ya macho ya timololi, wanayopewa wenye presha ya macho, yanaweza kupunguza mapigo ya moyo, yatajeni pia.

Bibi alikaa nasi siku nne. Mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayemhesabia sasa, na huandika kwenye daftari la zamani la hesabu. Alipokuja kliniki mara ya mwisho ilisomeka 66, na sisi tulipohesabu tulipata 68.