Alama Zisizoonekana: Kinga Dhidi ya Pembejeo Bandia

Hasara ya mbegu bandia ni chungu kwa mkulima, kwa kuwa mara nyingi haijulikani mpaka msimu umekwisha kumpita. Mfuko wenyewe huonekana kuwa wa halali, maana lebo iliyochapwa na kiwanda yaweza kuchapwa na mghushi pia. Ndiyo sababu wataalamu wametafuta alama ambayo jicho halioni na ambayo ni vigumu kuigwa.

Alama ya namna hiyo hutengenezwa kwa chembe zipimwazo kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Chembe za kadimiamu selenaidi zikimulikwa kwa taa ya urujuanimno, zile zenye nanomita 2 hivi hung'aa buluu, na zenye nanomita 6 hivi hung'aa nyekundu, ingawa ni kitu kile kile. Kwa uvumbuzi na uendelezaji wa chembe za aina hiyo, Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2023.

Mtengenezaji huchanganya katika wino chembe za ukubwa mbalimbali kwa vipimo anavyovijua yeye. Kifaa cha ukaguzi husoma nguvu ya kila rangi, na vipimo visipolingana, udanganyifu hudhihirika. Kwa kuwa kadimiamu ni sumu, watafiti hutumia pia chembe za kaboni.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba alama huthibitisha mfuko, wala si kilichomo ndani. Mfuko halali uliokwisha kutumika, ukijazwa nafaka ya kawaida iliyotiwa rangi, utang'aa vile vile. Tena, pasipo kifaa ghalani, alama hiyo haimfai mnunuzi. Kwa sababu hiyo, nchini Kenya na Tanzania hutumika njia iliyo rahisi zaidi: lebo ya kukwangua yenye namba ya siri, ambayo mkulima huihakiki kwa simu yake.

Kwa hiyo inawapasa makatibu wa vyama:

1. Kukagua mishono na lakiri za mifuko kabla ya kutia sahihi hati ya mapokezi.
2. Kuhakikisha kwamba namba za lebo zinahakikiwa kabla mbegu haijapandwa.
3. Kutunza stakabadhi pamoja na namba za shehena.
4. Kuwahimiza wanachama kuchana mifuko mitupu, isije ikarudi sokoni.

Alama isiyokaguliwa ni pambo tu; ukaguzi ndio ulinzi wa shamba la mwanachama.