Je, Wajua? Mapigo Yanayopima Mnururisho

Je, wajua kwamba urani ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo, katika mkoa wa Ruvuma, huweza kutambuliwa kwa kuhesabu mapigo ya umeme? Katika kifaa cha Geiger na Müller, kilichobuniwa Ujerumani mwaka 1928, kila chembe ya mnururisho wa urani inayonaswa huzaa pigo moja, ambalo saketi hulifanya liingize kiasi maalumu cha chaji katika kapasita, yaani kihifadhi chaji, huku rezista, yaani kikinza mkondo, ikiivujisha taratibu, hivyo volti inayobaki huonyesha kasi ya mapigo. Ugumu halisi wa usanifu ni kwamba mapigo hayo huja kwa nasibu: kuhesabu 100 huacha kosa la takribani asilimia 10, ilhali 10,000 huacha asilimia 1 tu.