Mililita Moja ya Magnesi

Mwaka 1884 madaraja kadhaa ya mawe nchini Ufaransa yaliharibika, ilhali yalikuwa yamejengwa miaka 2 tu kabla yake. Karibu na wakati huohuo, jengo la baraza la mji wa Kassel, Ujerumani, lilivimba na kupasuka hata ikabidi lijengwe upya. Lawama ikaiangukia saruji. Ile ya Ufaransa ilikutwa na oksidi ya magnesi kati ya asilimia 16 na 30, na ya Ujerumani asilimia 27.

Magnesi huingia katika saruji pamoja na mawe ya chokaa. Ndani ya tanuri, kwenye joto la nyuzi 1450 hivi za selsiasi, sehemu yake hugeuka fuwele ngumu zinazonywa maji polepole mno. Zege linakauka, fundi analipwa, watu wanahamia. Kisha, miezi au miaka baadaye, fuwele zile zinaanza kutanuka ndani ya ukuta. Ndiyo maana viwango vya Ulaya haviruhusu oksidi ya magnesi izidi asilimia 5 katika klinka, yaani mawe yatokayo tanurini kabla ya kusagwa kuwa saruji, nayo Marekani imeweka asilimia 6 katika saruji.

Kuipima ndiko kwenye kazi. Zaidi ya asilimia 60 ya saruji ni oksidi ya kalisi, na kalisi na magnesi zinafanana sana kitabia.

Mkemia hupima nusu gramu ya saruji, akaiyeyusha katika asidi ya hidrokloriki, akachuja silika na kuipima uzito peke yake. Maji yaliyobaki huyaongeza mpaka mililita 250. Kila mililita 10 anazovuta kwa pipeti sasa zina miligramu 20 tu za saruji.

Kilicho ndani ya bureti, mrija wenye vipimo unaodondosha tone kwa tone, ni EDTA, kemikali ambayo Gerold Schwarzenbach wa Zurich, Uswisi, aliiingiza katika titresheni, yaani upimaji wa kudondosha kemikali mpaka itoshane na inayopimwa, miaka ya 1940. Molekuli yake moja hushika ayoni moja ya metali, basi. Kwa hiyo mililita moja ya myeyusho wa kawaida wa 0.01 M ni sawa na miligramu 0.56 za oksidi ya kalisi, au 0.40 za oksidi ya magnesi.

Tatizo ni kwamba EDTA haichagui: chuma, alumini, kalisi, magnesi, zote huzishika. Anayechagua ni mkemia, kwa kubadili pH, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kwenye pH 2, chuma peke yake ndicho kinachoshikika vizuri. Ili kupata kalisi, huongeza trietanolamini inayoficha chuma na alumini, kisha hidroksidi ya sodiamu inayopandisha pH kupita 12. Magnesi huganda na kujitoa, na kiashiria, rangi inayotiwa ili kuonyesha mwisho, hugeuka kutoka rangi ya divai kuwa bluu pale kalisi inapokwisha. Sampuli nyingine hupimwa kwenye pH 10, ambako kalisi na magnesi hushikwa pamoja.

Tuseme saruji ina oksidi ya kalisi asilimia 63 na ya magnesi asilimia 2. Titresheni ya kwanza, ya kalisi, itakula mililita 22.47; ya pili, ya zote mbili, 23.46. Magnesi yote, ile iliyoharibu madaraja, imo katika tofauti hiyo isiyofika hata mililita moja. Tone moja la bureti ni takriban mililita 0.05. Likizidi kwa bahati mbaya katika ya pili, kalisi haitetereki, lakini asilimia 2 ya magnesi husomeka 2.1. Kwa saruji iliyo karibu na kikomo, tone hilo linaweza kuamua kama shehena inapita au inakataliwa. Kwa sababu hiyo titresheni hurudiwa, na kigae cheupe huwekwa chini ya chupa ili jicho lisidanganyike na bluu.

Viwanda vingi vikubwa siku hizi hutumia mashine za eksirei zinazosoma elementi nyingi kwa dakika chache. Hata hivyo mashine hizo husawazishwa kwa sampuli ambazo muundo wake unajulikana tayari, na njia za asidi na bureti zimo miongoni mwa zile zilizotumika kuujua.