Rangi ya Chuma Haisomwi Kitabuni

Visu vingi vya wahunzi wetu huanza maisha chini ya gari: ni springi iliyochakaa. Chuma hicho kina kaboni ya takriban asilimia 0.6, inayotosha kukifanya kigumu kikipashwa moto na kupozwa ghafla. Vitabu hueleza vizuri: kipashe hadi nyuzi 830 hivi za Selsiasi, kizamishe kwenye mafuta, kisha kipashe tena polepole kufika kama 200 ili kisiwe chepesi kuvunjika.

Ni sahihi kabisa, ila tanuri la mkaa halina kipimajoto. Mhunzi husoma rangi, na rangi hudanganya: wekundu unaong'aa ndani ya banda lenye kiza hauonekani sana juani. Sumaku husaidia kidogo, kwani chuma kikifikia karibu nyuzi 770 hakinaswi tena. Kutoka hapo kuna hatua fupi tu ya kwenda, nayo hupimwa kwa jicho.

Jicho hilo hufunzwa kwa kuharibu. Kata vipande vya springi, kila kimoja ukipashe rangi yake, kizamishe kwenye mafuta, kibane kwenye jiliwa ukivunje kwa nyundo (vaa miwani, vigae huruka). Tazama palipovunjika. Chembe kubwa zinazometameta kama sukari zinaonyesha umezidisha moto; kijivu laini, umepatia. Kipande kikipinda bila kuvunjika, moto haukutosha. Asubuhi moja ya kazi hiyo inafaa kuliko sura nzima ya maelezo.

Marekani, American Bladesmith Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1976, humtahini mfua visu kwa kisu chake mwenyewe. Hukata kamba nene inayoning'inia, hukatakata mbao, kisha lazima kiweze bado kunyoa nywele. Baadaye hubanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90. Kikikatika, amefeli. Makali yanataka ugumu, mgongo unataka ulaini, na vyote viwili vimo katika ubapa mmoja.

Kijana anayetaka ufundi huu asikimbilie nyundo. Aombe kwanza kazi ya kuvukuta mivukuto. Wanagenzi wengi huidharau, lakini anayevukuta ndiye anayeutazama moto kutwa nzima, na fundi akichomoa chuma, yeye ameshaiona rangi yake.